Fimbo ya Servo Niliyoipima Nikanyamaza

Niliacha kazi mwezi uliopita, na vijana wa garaji wameniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya breki. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mishahara kila mtu anaijua yake. Nitaandika mambo ya mikono, na jambo moja la moyo, maana nikilificha hilo nitakuwa nimewaandikia nusu tu ya kazi yangu.

Siku yangu ya kwanza garajini hapa Lubumbashi, Mzee Kabamba, tuliyemwita Vieux, fundi wa breki aliyenifundisha, hakunipa hata ufunguo mmoja wa kufungulia boliti. Alinipa chupa tupu ya limonadi.

"Weka mudomo, nyonya hewa yote," akasema.

Nikanyonya mpaka chupa ikanishika ulimi.

"Nani anakuvuta?"

Nikaitoa chupa, ikalia kama busu. "Ni chupa, Vieux."

"Hapana. Chupa haina mikono. Ni hewa ya inje njo inasukuma. Ukisahau ile, usiguse frein, breki ya bantu wengine."

Halafu akanionyesha servo. Mmeiona wote: lile sufuria jeusi la bati lililo kati ya pedali na pompe, yaani pampu, ya mafuta ya breki. Alikuwa nayo moja aliyoikata katikati kwa msumeno, akaiweka juu ya meza kama papai. Ndani kuna ngozi ya mpira inayogawa vyumba viwili. Injini inanyonya hewa kutoka vyumba vyote viwili, na hapo ngozi inatulia. Ukikanyaga pedali, mlango mdogo unafunguka na hewa ya nje inaingia chumba cha nyuma peke yake. Chumba cha mbele bado ni kitupu. Basi hewa inaisukuma ngozi, ngozi inaisukuma fimbo, fimbo inaisukuma pompe, na mguu wa bibi mzee unapata nguvu ya mguu wa mcheza mpira. Kazi ya servo ni hiyo tu. Nimeitumia maisha yangu yote, na bado naona ni jambo la ajabu kwamba motoka inasimamishwa na hewa tunayoipumua bure.

Vieux alinifundisha pia kuipima bila chombo. Zima injini, kanyaga pedali mara nne, tano, mpaka iwe ngumu kama jiwe. Usitoe mguu. Washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, servo ni nzima. Isiposhuka, kuna mahali hewa inapita. Wateja wengi husema "frein imekufa" wakati breki ni nzima kabisa. Kilichokufa ni msaada wake.

Alipoondoka kazini aliniachia kipimo chake, kile cha chuma chenye ulimi unaoteleza, cha kupima fimbo ya servo imetokeza kiasi gani. "Fimbo usiiamini kwa macho," akaniambia. Nilikitia mfukoni na kikakaa humo miaka mingi. Nilikuwa mtu wa breki wa garaji nzima. Mtaani Bel-Air, mtu akiona pedali yake imekuwa ngumu, watu walimwambia, "Peleka ku Kasongo," yaani kwangu. Sikuwa naringa. Sawa, nilikuwa naringa.

Kisha akaja Georgette.

Patron wetu, mwenye garaji, Papa Mwansa, alimleta Jumatatu moja asubuhi. Alikuwa mama wa watoto wawili, binti wa mwalimu aliyetoka Kasai, amesoma shule ya ufundi mpaka mwisho. Alivaa overoli iliyopigwa pasi. Niliichukia ile pasi kabla sijamjua mwenyewe.

"Georgette atafanya nawe ma frein," Patron akasema.

"Nafasi iko kidogo, Patron," nikajibu.

"Mutajifinya."

Tukajifinya. Wiki za kwanza nilimpa kazi za kuosha vipande na kusugua kutu. Alizifanya bila kusema kitu, akavipanga vipande juu ya kitambaa kwa utaratibu ambao ulinifanya nione meza yangu ni chafu. Ilikuwa chafu kweli, lakini hakuna aliyekuwa ameiona.

Jeep ya masista ndiyo iliyoharibu kila kitu. Asubuhi breki zake zilikuwa laini. Ikifika saa nne, injini ikiwa imepata moto, pedali inakuwa ngumu, na sista dereva anasimama juu yake kwa miguu miwili huku akiomba. Nilibadilisha pompe ya mafuta. Nikatoa hewa kwenye mabomba mara mbili. Nikafungua magurudumu yote manne. Jeep za dizeli zina pompe yake ndogo ya kunyonya hewa, nikaibadilisha nayo. Ilirudi mara tatu kwa wiki tatu, na mara ya tatu Patron hakunisalimu.

Georgette aliomba aiangalie. Nikasema, "Angalia tu," kwa sauti ya mtu anayemruhusu mgeni kutazama picha ukutani. Aliacha injini iwake nusu saa mpaka ikapata moto. Halafu hakugusa servo kabisa. Alishika bomba la mpira linalotoka kwenye pompe kwenda kwenye servo, akalifinya kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Katikati akasimama.

"Papa Kasongo, mushike hapa."

Nikashika. Kwa nje bomba lilikuwa zima, jeusi, zuri. Lakini ndani ngozi yake ilikuwa imebanduka, na likipata moto lilikuwa linalegea na kujifunga lenyewe. Hewa haikupita. Kipande cha mpira cha urefu wa mkono kilinishinda wiki tatu, na yeye alikipata kwa dakika chache.

"Na miye nilikuwa nitafika pale," nikamwambia.

"Njo vile, Papa," akakubali. Wala hakucheka. Angecheka ningeona afadhali.

Tangu siku ile watu wakaanza kuuliza. Wanasimamisha motoka getini, wananipita mimi, wanauliza, "Mama wa frein iko?" Nilikuwa nasimama pale pale na ufunguo mkononi. Hata nyumbani mke wangu aliniuliza wakati wa kula, "Ule mama wa kazi yenu, ni kweli anasikia servo inalia kabla bafungue capot ya motoka?" Nikamwambia chumvi imezidi. Haikuwa imezidi.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Georgette hakunitukana hata siku moja, na wala hakunichukulia chochote. Aliniita Papa, aliniacha nipite mlangoni kwanza, Jumamosi aliniletea mikate aliyoipika mwenyewe. Mikate ilikuwa mitamu na iliniumiza. Nilihesabu motoka zake zilizorudi na kasoro. Hakuna hata moja. Nilikuwa namngoja akosee, kama mtu anayengoja mvua.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mkulima mmoja wa Kasungami, Papa Kalenga, alileta pikapu yake imejaa kabichi. Servo yake ilikuwa imetoboka ngozi. Ukikanyaga unasikia inapuliza kama nyoka. Servo mpya hazikuwepo mjini, kwa hiyo Georgette alipata nyingine iliyotoka kwenye motoka kuukuu, ya aina ile ile. Sasa, servo ya kuokota ina shida moja: fimbo yake ilirekebishwa kwa pompe nyingine. Lazima uipime upya. Ikiwa fupi, pedali inakwenda chini sana kabla breki hazijashika. Ikiwa ndefu, hapo ndipo kuna hatari yenyewe. Inaisukuma pompe kidogo hata wakati hakuna mguu juu ya pedali, mafuta hayapati njia ya kurudi, breki zinajikokota, zinapata moto, mafuta yanavimba, na mwisho zinashika zenyewe katikati ya barabara. Garajini hutaona kitu. Pedali itakuwa juu, nzuri kabisa. Ubaya unaonekana baada ya mwendo.

Georgette akanijia. "Papa Kasongo, munikopeshe kipimo kidogo."

"Haiko. Nilikiacha ku nyumba."

Kilikuwa mfukoni. Nilikisikia kikinigusa paja.

Akachukua rula ya chuma, akainama, akapima kwa jicho, akarekebisha, akapima tena. Alikuwa makini. Halafu akaenda stoo kuchukua mafuta ya breki.

Nilitazama huku na huku. Nikatoa kipimo, nikakiweka juu ya servo, nikateremsha ulimi wake mpaka ukagusa fimbo. Imezidi. Nikapima tena. Milimita moja na nusu. Kwa breki hiyo ni nyingi mno.

Nikarudisha kipimo mfukoni na kurudi kwenye kazi yangu. Nilikuwa nafunga tairi, nakumbuka, na nilizifunga boliti zile mara mbili.

Akarudi, akafunga pompe, akatoa hewa, akajaza mafuta. Patron alikuja akakanyaga pedali akatikisa kichwa kwa furaha. Pedali ilikuwa juu, nzuri. Georgette akasema atakwenda na Papa Kalenga mpaka Kasungami kuijaribu, halafu atarudi na basi. Walipita getini mbele yangu. Aliteremsha kioo.

"Tunaenda, Papa."

Nilifungua mdomo. Niliwaza: itaanza kujikokota mbele kidogo tu, itawachelewesha, watarudi, Patron ataona. Hayo tu ndiyo niliyotaka, Patron aone. Nikasema, "Muende muzuri."

Haikupita saa moja Patron akapokea simu. Alinichukua kwenye motoka yake, tukaenda.

Tulikuta pikapu pembeni ya barabara, magurudumu ya mbele yanatoa moshi, kabichi zimetawanyika juu ya lami na watoto wa pale wanaziokota. Papa Kalenga alikuwa anatembea huku na huku na kofia mkononi. Georgette alikaa juu ya jiwe, mkono wake wa kuume umo ndani ya ndoo ya maji mpaka kwenye kiwiko.

"Ilikuwa inakuwa nzito, nzito," Papa Kalenga akatueleza. "Halafu ikasimama yenyewe, pale katikati ya barabara! Nyuma yetu lori ya mawe, imejaa! Dereva alikata kushoto, akatupita hivi." Akaonyesha upana wa kiganja. "Na ingine ilikuwa inakuya. Miye nilikimbia. Ule mama hakukimbia. Alifungua capot."

Boneti ilipofunguka, Georgette alikuwa amejua mara moja. Alizilegeza boliti mbili zinazofunga pompe kwenye servo, ili pompe irudi nyuma kidogo kutoka kwenye fimbo na breki ziachie. Pale chini bomba la moshi linapita karibu, na lilikuwa la moto. Mkono wake ulilala juu ya bomba lile na hakuutoa mpaka boliti ya pili ilipolegea. Halafu yeye na Papa Kalenga wakaisukuma pikapu pembeni, na lori la pili likapita na honi yake.

Nitawaambia kitu ambacho sijamwambia hata mke wangu. Nilisimama pale, nikauona mkono ule ndani ya ndoo, na jambo la kwanza lililopita moyoni mwangu halikuwa huruma. Nilijiuliza kama mimi ningekumbuka zile boliti mbili kwa haraka vile, lori likija. Nikaona singekumbuka. Na hilo nalo nikamwonea wivu.

"Ni fimbo?" Patron akamuuliza.

"Ni fimbo, Patron," akasema. "Niliipima mubaya."

Aliitazama ndoo yake. Mimi hakunitazama.

Siku ya tatu nilikwenda kwake Makomeno. Alinikaribisha sebuleni, mkono umefungwa kitambaa cheupe, akamtuma binti yake alete maji ya kunywa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanikimbia.

"Kipimo kilikuwa mu mufuko yangu," nikasema.

"Minajua."

"Unajua?"

"Nilikuonaka, Papa. Nilikuwa ku mulango ya stoo na bidon ya mafuta. Nilikuona unapima, mara mbili. Nikasimama kidogo, nikangojea useme. Haukusema." Akatazama kitambaa chake. "Nikasema mu roho: Papa Kasongo amepima, amenyamaza, basi iko muzuri. Njo pale nilifunga pompe. Rula sikuiamini. Niliamini weye."

Nimepata mapigo mengi katika kazi hii, jeki imeniangukia, betri imenipasukia usoni. Hakuna lililonipiga kama hilo. Alikuwa amesimama mlangoni na shaka yake, na mimi ndiye niliyeiondoa, kwa kunyamaza.

Nikatoa kipimo cha Vieux nikakiweka juu ya meza yake. "Chukua. Iko yako."

"Sitaki kipimo. Uende uambie Patron."

"Ntaenda."

"Uende, Papa."

Sikuenda. Jumatatu iliyofuata kipimo nilikikuta juu ya meza yangu ya kazi, kimefutwa mafuta, na yeye alikuwa amenunua chake. Patron alinirudishia motoka za wateja wakubwa kwa muda, na Georgette, mkono ukiwa bado umefungwa, alirudi kuosha vipande. Nilipata kile nilichokingoja, na nilifanya kazi ile vibaya kuliko wakati wowote.

Kwa nini sikuenda? Nimejiuliza sana. Aibu ilikuwepo, ndiyo. Lakini kulikuwa na kitu kibaya zaidi ya aibu. Kosa la fimbo lilikuwa kosa lake pekee. Wafanyakazi walilitania, "Angalia usifanye fimbo ya Georgette," na kila waliposema hivyo mimi nilipumua kidogo. Ningeenda kwa Patron, angebaki mtu asiye na kosa hata moja, na mimi ningebaki kando yake kila siku. Sikuweza kumpa hilo. Kwa hiyo nililiweka kosa langu juu yake, akalibeba miaka kumi na moja.

Hakuniambia tena niende kwa Patron. Aliendelea kuniita Papa, ila mikate ya Jumamosi haikuja tena. Tangu siku ile, kila aliyepima kitu mbele yake alimlazimisha kusema namba kwa sauti, hata kama ni kipande cha kupangusia vioo. Ninyi mnaijua sheria hiyo na mnaicheka. Sasa mnajua ilikotoka.

Miaka ikaenda. Zikaja motoka mpya ambazo servo yake hainyonyi hewa tena; ni moteri ndogo ya umeme inayosukuma fimbo. Mara ya kwanza nilipoiona nililitafuta bomba la hewa kwa dakika kumi, kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni. Georgette alijifunza peke yake, kwa simu, akisoma Kifaransa cha mafundi wakati wa kula. Wateja walirudi kwake mmoja mmoja, na kazi kubwa zikamfuata. Nilikuwa nazeeka na wivu ulikuwa hauzeeki.

Mwezi uliopita walinifanyia karamu ya kuniaga, mchana, hapo hapo garajini. Meza ya breki ilifunikwa kitambaa, kulikuwa na bukari, ugali wetu, na samaki na vinywaji. Patron, ambaye sasa anatembea na fimbo ya mkononi, alisimama akanisifu. Alisema katika miaka yangu yote hakuna servo niliyoifunga ikarudi. Watu wakapiga makofi. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wamefurahi, akaongeza, "Si kama fimbo ya Georgette!" Wote wakacheka. Georgette naye alicheka kidogo, kwa midomo tu. Nikauona mdomo ule.

Nikasimama. Walidhani nataka kushukuru.

"Patron," nikasema, "ile fimbo niliipima miye. Nilikuwa na kipimo mu mufuko, nikamukatalia. Nikapima, nikaona imezidi, nikanyamaza. Nilitaka akosee. Aliniona, akanyamaza pia, sababu alisema mu roho miye siwezi kunyamazia kintu kibaya. Hii miaka yote munamucheka, munacheka kosa yangu."

 Patron akakaa chini polepole. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyechoka.

Georgette aliweka sahani yake mezani.

"Miaka kumi na moja, Papa," akasema.

"Minajua."

"Umechelewa."

"Minajua."

Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Alichukua sahani yangu, akaipakulia bukari, akaweka samaki, akairudisha mbele yangu. Kisha mtu mmoja nyuma, sikuona ni nani, akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata, wakasimama, garaji nzima, wengine wanagonga funguo kwenye mabati, na Patron akajikokota kutoka kwenye kiti chake akaenda kumshika Georgette mkono mbele ya watu wote. Walikuwa wanampigia yeye. Ilikuwa karamu yangu, siku yangu ya mwisho, na nilikaa pale na sahani yangu magotini, nikausikia wivu ule ule ukinipanda kifuani. Nikaweka sahani chini, nikapiga makofi pia.